Mhandisi Atuzwe, na Elimu Yake Irithiwe

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Neno hilo twalisikia sana ngomani na harusini. Mchezaji akiupiga mwendo ukakubali, hutokea mtu na noti mkononi akampachika, na wengine wakafuata. Mshairi naye akitunga likatungika hupewa kanzu au kilemba, na kwa uchache hupewa ahsante. Jirani zetu wa Migori na Homa Bay, kule pwani ya ziwa, wana jadi iliyo ndugu ya hiyo, nao huiita pakruok. Mpiga nyatiti anapotumbuiza, mtu huinuka akasimamisha muziki, akalipa, kisha akajitaja jina lake na kwao na rafiki zake kwa maneno ya sifa, na uzi ukaendelea kulia. Basi kutukuza watu hatukufundishwa na mgeni.

Lakini ni nani, ndugu msomaji, amepata kumpachika noti mtu aliyepiga hesabu ikakubali?

Swali hili si la mzaha. Mwanasiasa akipita mtaani hupigiwa vigelegele hata kabla hajafungua kinywa. Mtu aliyekesha miaka thelathini akiipima dunia na mbingu hurudi kwao likizo, akaenda sokoni kununua samaki, asijulikane. Na mtoto aliye darasani huona yote mawili. Huona nani anayetukuzwa na nani asiyetambuliwa, naye huchagua njia yake kwa hayo aliyoyaona.

Kwa sababu hiyo nataka leo ukurasa huu wa utamaduni umtaje mhandisi. Huenda wako watakaouliza, mhandisi na utamaduni wapi na wapi? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Profesa Washington Yotto Ochieng ni mwana wa Kenya. Jina Ochieng, kwa Wajaluo, hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa jua limewaka. Shahada yake ya uzamifu aliipata katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na baadaye akawa profesa katika chuo cha Imperial College London, ambako amewahi kuongoza idara ya uhandisi wa ujenzi na mazingira. Waingereza wamemwingiza katika Royal Academy of Engineering, baraza la wahandisi wao wakubwa, na serikali ya Kenya ilimtunukia nishani ya Burning Spear, daraja ya mzee. Fani yake ni elimu ya kujua mahali ulipo na kuiongoza njia uendayo. Yeye ni mmoja wa waliochangia usanifu wa mitambo miwili mikubwa ya Ulaya, EGNOS na Galileo.

Tuieleze kazi hiyo kwa lugha ya bandarini, maana sisi watu wa pwani si wageni nayo. Huko juu, zaidi ya kilomita 23,000 kutoka ardhini, setilaiti za Galileo zazunguka dunia, na kila moja imebeba saa isiyokosea ila kwa kiasi kidogo mno. Kila setilaiti hutangaza bila kusita: mimi niko hapa, na saa yangu ni hii. Chombo kilicho mkononi mwako hupokea tangazo hilo, kikapima lilichukua muda gani kufika, na kwa kuwa mwendo wake ni wa mwangaza, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hujua umbali. Zikipatikana setilaiti nne, mahali ulipo hujulikana. Ila saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Kwa jahazi, mita 300 ni mlango wa bandari na mwamba. Kwa ndege iliyo ndani ya wingu, ni uwanja na mlima.

Ndipo linapokuja jambo ambalo Profesa Ochieng na wenzake wamelishughulikia sana: haitoshi kujua mahali ulipo, yapasa pia kujua kama habari uliyopewa ni ya kuaminiwa. Mtambo wa EGNOS kazi yake ni kuzisikiliza setilaiti, kuzisahihisha, na kumwonya rubani upesi kwamba fulani leo asisadikiwe. Tangu mwaka 2011 ndege za Ulaya zimeruhusiwa kuutegemea katika mambo ya kuokoa roho za watu.

Aliyesoma chuoni kwa maalimu hawezi kulisikia hilo asikumbuke elimu ya hadithi. Wanazuoni wetu hawakutosheka na kusikia neno. Waliuliza, nani kalipokea kwa nani, na huyo msimulizi hali yake ni ipi? Hifadhi yake ni nzuri? Ni mwadilifu? Amepata kuchanganya? Neno likiwa tamu namna gani, msimulizi akiwa dhaifu, huwekwa kando. Mhandisi wa London anayeipima setilaiti na mwanachuoni aliyempima msimulizi wamesimama juu ya msingi mmoja, kwamba habari ni amana, na asiyehakikisha huangamiza watu.

Wala usidhani ya kuwa kuyaweka pamoja mahesabu ya njia na adabu ya lugha ni jambo nililolibuni mimi. Katika karne ya 15 alikuwako Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah. Alikuwa bingwa wa kuongoza vyombo katika Bahari ya Hindi. Kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, alikiandika kiasi cha mwaka 1490. Na elimu nyingine aliitunga kwa mashairi, pamoja na shairi refu linalohusu safari za pwani yetu hii mpaka Sofala. Lile la kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wataalamu wengi siku hizi hawalikubali, na afadhali tumwondolee lawama hiyo. Analostahili kusifiwa ni hili la kutia nyota na bandari ndani ya vina ili baharia asiyejua kusoma azihifadhi kifuani. Mtu wa namna yake, Waarabu walimwita muallim. Kwao neno hilo moja lilimtosha mfunza watoto na mwongoza chombo, nasi kwa asili hiyo hiyo tukapata mwalimu. Wajaluo nao mwalimu wao humwita japuonj.

Hata karibu yetu zaidi tunaye mfano. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni katika kisiwa cha Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alitunga utenzi uitwao Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979. Mada yake ni jahazi la Lamu: linavyoundwa, sehemu zake na majina ya kila kiungo. Mtu huyo huyo ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga. Je, tumwite mshairi au tumwite mhandisi wa maneno? Nadhani mwenyewe asingeona haja ya kuchagua.

Sasa tuiache pwani ya chumvi twende pwani ya maji baridi, kwa kuwa ushahidi mkubwa zaidi uko huko, nao ni wa mawe.

Kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, juu ya kilima, pana mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Jina hilo ni la Kijaluo: thimlich ni msitu mzito wa kutisha, na ohinga ni boma au ngome. Kuta zake zilijengwa yapata karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na kitu, na unene wake kwa wastani ni mita moja. Wataalamu wanasema wa kwanza kukaa humo yamkini walikuwa watu wa lugha za Kibantu, kisha Wajaluo wakaja wakayashika, wakayakarabati na kuyaendeleza. Watu waliishi humo mpaka karne ya 20. Na kilima hicho hakiko peke yake, maana katika nchi ile ya kando ya ziwa yamehesabiwa maboma zaidi ya 500, katika mahali zaidi ya 130. Boma kubwa la Thimlich huitwa Kochieng, yaani kwa Ochieng. Sidai kwamba huyo Ochieng wa boma ana nasaba na Ochieng wa London, maana ni jina la watu wengi. Lakini majina yakikutana hivyo, mtu husita akatafakari.

Ajabu ya kuta hizo ni kwamba ndani yake hamna tone la chokaa wala udongo wa kuungia, wala jiwe halikuchongwa. Sisi huku Gede, Takwa na Shela tulijenga kwa matumbawe, tukayaunga kwa chokaa tuliyoichoma wenyewe. Fundi wa Thimlich hakuwa na matumbawe wala tanuri la chokaa. Alikuwa na mawe ya kilimani yenye maumbo mbalimbali, na akili. Alijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati akasheheni mawe madogo ili nyuso hizo zishikane. Mawe aliyafungamanisha yakalaliana, uzito wa moja ukalikaza jingine. Palipohitaji nguvu aliongeza ukuta wa kuegemeza. Milango aliifanya mifupi na myembamba, akaifunika juu kwa mawe mapana, hata aingiaye hana budi kuinama. Adui akiinama kichwa chake huwa mbele ya mikono yake, na mwenye boma anamngoja ndani. Nasi twasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kule Thimlich waliutia msemo huo ndani ya ukuta.

Huo ni uhandisi, ndugu msomaji. Kupima uzito, kujua jiwe lipi lilale wapi, kukisia maji ya mvua yatapita njia gani, kuwapanga watu wengi wafanye kazi moja isiyokwisha kwa siku moja, yote hayo ni uhandisi. Aliyeyafanya hakuandika jina lake, wala hatukujaliwa kulijua. Lakini kuta zimesimama kiasi cha miaka 500, ilhali majengo mengi ya saruji tunayoyaona mijini hupasuka kabla mwenyewe hajamaliza kulipa deni la benki.

Ulimwengu ulichelewa kuzitambua. Neville Chittick, mchimbaji wa mambo ya kale ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kazi zake za Kilwa na Manda, aliandika juu ya maboma hayo ya South Nyanza mwaka 1965. Baadaye Mkenya Isaya Onjala aliyachunguza kwa mapana na marefu. Mwaka 2000 Thimlich iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali palipo hatarini. Na mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia, ikaungana na Mji Mkongwe wa Lamu ulioingia mwaka 2001, makaya ya Wamijikenda ya mwaka 2008 na Fort Jesus ya mwaka 2011. Gede ikafuata mwaka 2024.

Basi heshima imekwisha kutolewa? Hapa ndipo penye shida yenyewe. Ukuta usio na chokaa haushikwi na hati ya UNESCO, unashikwa na mikono. Mzizi wa mti ukilisukuma jiwe moja, la juu yake hulegea, na mvua ikinyesha huanguka kipande. Kukirudisha kama kilivyokuwa kunahitaji mtu anayejua jiwe lile lililalaje. Akikosekana mtu huyo, litaletwa toroli la saruji, na siku hiyo ukuta utakuwa umekufa ingawa umesimama. Hali ya jahazi zetu ni hiyo hiyo. Jumba la makumbusho laweza kuuweka mfano wa mtepe ndani ya kioo, lakini mtepe ulioshonwa kwa kamba haujulikani tena baharini, kwa kuwa aliyejua kushona hakuacha wa kushona.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelisema jambo hili kwa namna ambayo wengi hatujaitia maanani. Kifungu chake cha 11 ni cha utamaduni, nacho kinautambua kuwa msingi wa taifa. Ndani ya kifungu hicho hicho, pamoja na sanaa na sherehe za jadi, serikali imetakiwa itambue nafasi ya sayansi na ufundi wa asili katika maendeleo ya nchi. Tazama vilipowekwa. Sayansi haikutengwa na ngoma, vyote viko nyumba moja. Na katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na vyuo vya ufundi vya vijijini. Maana yake, ufunguo wa jambo hili uko Migori, Homa Bay, Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale. Chuo cha ufundi kilicho karibu na Thimlich kinaweza kufundisha kujenga kwa mawe makavu kama kinavyofundisha useremala. Na chuo cha Lamu kinaweza kuwa na darasa la kuunda majahazi, mwalimu akiwa fundi mwenyewe, alipwe kama mwalimu, asiitwe siku za tamasha tu kuonyeshwa wageni.

Tukivuka kutoka Migori kuingia Homa Bay, tunakutana na aliyeijua maana ya kumtukuza mtu kwa elimu. Kwao Tom Mboya ni kisiwa cha Rusinga, na ndiko alikozikwa baada ya kuuawa mwaka 1969. Kaburi lake limejengewa jengo la heshima na watu hulizuru. Lakini kazi kubwa aliyoiacha ni ile ya mwaka 1959, alipotafuta misaada Marekani na ndege ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma vyuo vya huko. Safari za miaka iliyofuata zikachukua mamia, akiwamo Wangari Maathai mwaka 1960. Leo mjini Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina lake Mboya, na Migori kuna Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake mwaka 2016. Na msomaji wa pwani asidhani nchi hiyo ni ya mbali na yeye. Kendu Bay, kando ya ziwa, kuna msikiti mkongwe na Wajaluo Waislamu waliozaliwa na wazee Waislamu, wanaoelekea kibla tunachokielekea.

Yuko atakayesema: huyo profesa wako anafundisha London, amewafaa nini watoto wa Nyatike na wa Mbita, au wa Faza na Vanga? Swali hilo lina haki yake, wala halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba nchi ikisomesha mtu kisha akili yake ikatumika kwingine, nchi imetoa. Lakini tujiulize nasi kwa insafu. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuchunguza miali ya eksirei ya mbinguni, nayo ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya sherehe zetu. Wavuvi wa Ngomeni walikiona moto wake kikipaa. Jina lilikuwa letu. Mahesabu hayakuwa yetu, na roketi zilizofuata mpaka mwaka 1988 hazikuwageuza watoto wa kijiji kile kuwa wahandisi. Kumbe elimu yaweza kuwa mlangoni pako na bado ikawa mbali, na mwenye elimu aweza kuwa mbali na bado akafaa, ikiwa huku nyumbani pana wa kuipokea.

Kupokea huko ndiko kumtukuza mwanachuoni kwa kweli. Kwanza, watoto walijue jina lake na walijue alilolifanya, si cheo chake tu. Mwalimu wa hesabu wa Migori au wa Mkunumbi anaweza kueleza setilaiti nne kwa kamba na vijiti vinne uwanjani, na somo likaeleweka. Pili, elimu yenyewe ielezwe kwa lugha za watu. Nabhany alionyesha kwamba Kiswahili hakishindwi, na Kijaluo nacho hakishindwi, maana kilikuwa na majina ya sehemu za boma kabla hatujawa na neno injinia. Tatu, fundi wa jadi na profesa wa chuo kikuu waketishwe jamvi moja. Nahodha wa Pate anayeijua mikondo na pepo za kusi na kaskazi ana la kumwambia mtu wa setilaiti. Na mtu wa setilaiti ana la kumwambia nahodha ambaye jana simu yake ilimpotosha karibu na mwamba.

Ibn Majid hakuwako siku tulipotoa nishani, wala fundi wa Kochieng. Ochieng yu hai, nasi tunayo nafasi ya kumtuza mtu angali anacheza. Noti tulizozoea kupachika huanguka chini ngoma ikiisha. Mwanafunzi haanguki. Kwa hiyo nami nimpachike mhandisi kwa nilicho nacho, ubeti mmoja:

Jiwe halina midomo, lakini lina kalima,
Fundi alotoa somo, kalilaza kwa hekima,
Naye mpima vipimo, ndiye nduguye wa mama,
Tuzo njema ni masomo, mtunzeni kwa kusoma.